Wakala wa Mpakani na Vidonge Alivyoviacha

Nilikuwa Vwawa nikisubiri mvua ikatike, simu ikaniletea habari kwamba wakala mmoja wa forodha wa Tunduma, mtu tuliyetaniana miaka mingi, ameshikwa na mshtuko wa moyo ofisini kwake na hakufika hospitali akiwa hai. Wasomaji wangu wa mpakani mnaijua aina yake: shati limechomekwa, simu mbili, Kibemba cha kuwatuliza madereva na Kiswahili cha kuwabembeleza maofisa. Nimeumia, na sifichi kwamba nimemkasirikia kidogo.

Kazini alikuwa na kanuni moja: gari likishapata kibali, halifikiriwi tena. Alipoambiwa kwamba mishipa ya moyo wake imejengeka mafuta ndani, alimeza vidonge kwa utii hadi vipimo vya lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, vikasoma vizuri. Siku hiyo akanialika nyama choma. "Mkuu, lehemu imeshuka. Faili limefungwa," akasema, akijisogezea mbavu. Mkewe, aliyekuwa akituletea kachumbari, akauliza, "Nani kalifunga, baba? Daktari kasema umeze, hajasema uache." Mwenzangu akacheka mpaka machozi, na vidonge hakuvigusa tena.

Juzi nilimuuliza daktari. Akanieleza kwamba dawa ile haisugui mshipa kama brashi ya chupa. Inashusha lehemu kwenye damu, na taratibu ule uvimbe wa mafuta kwenye ukuta wa mshipa unapungua kidogo na ngozi yake inakomaa. Ngozi ikiwa nyembamba hupasuka, damu ikaganda pale, njia ikaziba. Vipimo vizuri vilikuwa kazi ya dawa; ukiiacha, lehemu inarudi. Sisi wa Tunduma tumezoea kazi inayoisha kwa muhuri. Mwili unafanana zaidi na shamba la kahawa la Mbozi, ambalo kuwa safi leo hakumpi mwenyewe ruhusa ya kuuza jembe.

Msibani alikuwepo mdogo wa marehemu, mgonjwa wa maradhi yaleyale. Mjane alimwita mbele ya watu. "Shemeji, umemeza dawa?"

"Nimesahau, shemeji. Si unaona tuko msibani?"

"Naona. Nimezika mmoja, inatosha." Akamshikia glasi ya maji mpaka kidonge kikapita, ndipo akarudi kukaa mkekani na kuanza kulia upya. Nawe msomaji, kama vipimo vyako ni vizuri, huenda ni kidonge kinachovishikilia. Usikiache kabla hujamuuliza aliyekuandikia.