Mbula wa Kabiro anayechora nyuso kwa sindano na uzi

Saa tatu asubuhi jua linavuka ukuta wa ploti moja ya vyumba vya kupanga mtaani Kabiro, Kawangware, na Mbula Nzuki anasogeza kigoda chake kulifuata. Wanawake wawili wanafua kando ya mfereji. Redio ya jirani inasoma habari ambazo hakuna anayezisikiliza. Yeye ameinamia kitambaa cheupe kilichokazwa kwenye fremu ya mbao ya mviringo.

Kwenye kitambaa hicho kuna mzee mwenye kofia. Macho yapo, pua ipo, hata tabasamu la upande mmoja lipo. Leo ni zamu ya sikio la kushoto.

"Watu hufikiria jicho ndilo gumu," anasema bila kuinua kichwa. "Jicho linakusaidia. Sikio halina huruma. Ukikosea kidogo tu, mzee wa watu anaonekana amebandikwa andazi kichwani."

Anachomoa unyuzi mmoja mwembamba kutoka kwenye uzi wa kudarizi, anaupitisha kwenye sindano na kuanza. Mshono mmoja mrefu, wa pili mfupi, wa tatu unapenya katikati yao. Rangi mbili zinapokutana hakuna anayeweza kuonyesha mpaka ulipo. Ukisimama mlangoni pa nyumba yake ungeapa kwamba mzee huyo amepakwa kwa brashi.

"Ninachora," anasema Mbula, mama wa watoto wawili mwenye umri wa miaka 41. "Ni vile tu brashi yangu iko na tundu."

Hakuzaliwa na kipaji hiki mkononi, na hakukitafuta. Alitoka Kitui akiwa msichana, akafanya kazi za nyumbani, kisha akajifunza cherehani. Kwa miaka mingi alishona sare za shule kwenye kibanda kimoja Kawangware, sketi baada ya sketi, kola baada ya kola. Alikuwa mwepesi. Wenzake walimtania kwamba mguu wake una injini.

Ni mguu huo uliomwangusha. Msimu mmoja wa mvua aliteleza akiruka mtaro, akavunjika kifundo cha mguu wa kulia vibaya. Madaktari walikitia vyuma. Mfupa uliunga, lakini kifundo kiligoma kukunjika, na bila kukunja mguu hakuna kusukuma cherehani.

"Nilirudi kibandani nikiwa na mkongojo, nikajaribu," anakumbuka. "Nilisukuma kidogo tu, jasho likanitoka. Mwenye kibanda akaniangalia, akasema, 'Mama Mutie, nenda upone kwanza.' Alisema kwa upole. Lakini tulijua wote wawili kwamba sirudi."

Mdogo wake, Kasiva, anayeishi Kibera upande wa Ayany, alimchukua akae naye hadi apate nguvu. Mbula, ambaye hakuwahi kukaa mchana kutwa bila kazi, alidhani atarukwa na akili. Alihesabu mabati. Aligombana na mdogo wake juu ya chumvi ya mboga.

Mlango wa pili kutoka hapo aliishi Risper Akeyo, mwanamke wa miaka zaidi ya 70 ambaye watu wa eneo hilo wanamwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Dani Risper alifundishwa kudarizi na mtawa mmoja akiwa msichana kando ya ziwa, na kwa miongo mingi ametia maua, ndege na misalaba kwenye vitambaa vya madhabahu, mashuka ya maharusi na vitambaa vya makochi katika nusu ya nyumba za mtaa wa Olympic, hapo hapo Kibera.

Asubuhi moja alimkuta Mbula amekaa kizingitini akitazama mguu wake.

"Mguu umevunjika," Dani alimwambia. "Mikono nayo?"

"Mikono iko sawa, Dani."

"Basi kuja."

Mbula alicheka moyoni. Alikuwa fundi wa miaka mingi. Sindano ingemfundisha nini? Dani alimpa kazi ya kujaza pilipili moja nyekundu, si kubwa kuliko kidole gumba. Alipomaliza alimpelekea kwa fahari. Dani aliigeuza, akatazama upande wa nyuma kabla ya ule wa mbele, kisha akamrudishia.

"Fumua."

Alifumua. Akashona tena. "Fumua." Pilipili hiyo ilifumuliwa mpaka kitambaa kikatoboka.

"Nililia, sikudanganyi," anasema Mbula, sasa akicheka. "Nikamwambia, 'Dani, kwani hii pilipili itapikwa?' Akaniambia, 'Wewe bado unashona sare. Unakimbia. Hapa hakuna mwalimu mkuu anakungoja.'"

Alijifunza kutokimbia. Alijifunza mshono wa mnyororo, mafundo madogo ya kupamba moyo wa ua, na mwishowe ule mshono mrefu na mfupi ambao Dani aliita kuchora. Kwa mshono huo jani lilipata upande wa jua na upande wa kivuli. Aliporudi kwake Kabiro alikuwa akiuza vitambaa vya makochi vyenye ndege ambao watoto wa ploti walijaribu kuwashika.

Kisha tamaa ikamwingia. Alitaka kuchora watu.

Kazi ya kwanza ya uso aliletewa na Mutuku, fundi wa magari wa hapo Kawangware, aliyetaka picha ya marehemu mama yake. Mbula alinunua kila uzi wa kahawia aliouona madukani. Alishona kwa wiki nyingi. Siku ya kukabidhi, Mutuku aliishika fremu kwa mikono miwili na kuielekeza kwenye mwanga.

"Hakunikasirikia," anasema Mbula, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sindano inasimama. "Ingekuwa afadhali angenikasirikia. Alisema tu, 'Mama yangu hakuwa na rangi ya majivu.' Akachukua ile picha ya kamera aliyoniletea, akaenda."

Mbula aliitia fremu chini ya kitanda. Kwa miezi kadhaa alirudia ndege na maua, na mtu akimuuliza kuhusu nyuso alijibu kwamba macho yake hayawezi.

Yasiyoweza yalikuwa ya Dani. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika kiasi kwamba hakuweza tena kutia uzi kwenye sindano. Hivyo, akina mama wa kikundi kimoja cha Kibera walipomwendea wakitaka zawadi ya kumuaga Sista Nabwire, mkunga aliyekuwa akistaafu, aliwasikiliza hadi mwisho. Walitaka sura yake, idariziwe kwa mkono, kubwa, ionekane hadi nyuma ya ukumbi wa kanisa.

"Nina mtu," Dani aliwaambia.

Mbula alipopata habari alifunga safari hadi Kibera na mguu wake mbovu.

"Dani, mbona umenifanyia hivi? Hata hukuniuliza!"

"Kwa sababu ungekataa."

"Nitakuaibisha. Kila mtu Kibera anamjua Sista Nabwire. Amezalisha nusu ya watu hapa!"

"Ndiyo maana sikutaka mtu ambaye haogopi," alijibu mzee.

Kisha alimwita Kasiva, akamsimamisha nje juani, akamgeukia Mbula. "Nitajie rangi ya uso wa dada yako."

"Kahawia," Mbula alisema.

"Tazama tena. Mimi siku hizi naona ukungu, na bado naona rangi nne."

Mbula alitazama. Taratibu, kama mtu anayezoea giza, akaanza kuona. Karibu na sikio palikuwa na wekundu. Juu ya paji, pale mwanga wa anga ulipotua, palikuwa na buluu hafifu. Chini ya kidevu palikuwa na manjano, kwa kuwa Kasiva alijifunga leso ya manjano. Pembeni mwa pua kulikuwa na weusi wenye joto ndani yake. Kahawia ile aliyoinunua dukani hakuiona popote.

Tatizo likawa uzi. Rangi hizo hazikuuzwa Kawangware, wala katika maduka ya mjini aliyoyatembelea. Mbula akaamua kuzipika. Alinunua uzi mweupe wa pamba, akawasha jiko, akaanza: majani ya chai, maganda ya vitunguu, mbegu za parachichi zinazotoa rangi ya waridi, na misumari yenye kutu inayoifanya chai iwe nyeusi. Uani kwake kulining'inia nyuzi kama tambi, na majirani wakaanza kunong'ona.

"Walisema Mama Mutie amekuwa mganga," asema jirani yake Kamene, anayeuza mboga karibu na lango. "Mimi mwenyewe nilimkataza asipikie kwa sufuria yangu. Sasa najuta. Hiyo sufuria ingekuwa maarufu."

Picha aliyopewa ilikuwa ndogo na yenye giza, hivyo Mbula alienda kumtazama Sista Nabwire kwa macho yake. Ilikuwa siri, kwa hiyo alikaa kwenye benchi la kliniki katikati ya wanawake wajawazito, akiiba sura kidogo kidogo: kovu dogo kwenye nyusi, namna anavyokaza midomo anaposikiliza tumbo. Siku ya tatu Sista alisimama mbele yake.

"Wewe mama, miezi mingapi?"

"Mimi... nimesindikiza tu, Sista."

"Unasindikiza nani kila siku?"

Mbula hakurudi tena, lakini alikuwa ameshapata alichotaka. Alishona mchana tu, kwa maana taa hudanganya rangi. Alifumua shavu la kulia mara kadhaa bila kuambiwa na mtu. Mwisho kabisa, kwenye kila jicho, aliweka mshono mmoja mweupe mfupi kama punje ya mtama.

"Nilipoweka ule wa pili nikajikuta nimesema, 'Habari ya asubuhi, Sista,'" anasimulia. "Mtoto wangu akauliza, 'Mum, unaongea na nani?' Nikajua imekubali."

Siku ya sherehe ukumbi wa kanisa ulijaa hadi madirishani. Mbula aliketi kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, ili ikiharibika atoke. Kitambaa cha kufunika kilipovutwa, alitazama mlango kabla ya kutazama picha.

Sista Nabwire alinyanyuka, akasogea mpaka mbele ya picha. Akainua kidole, lakini hakukigusa kitambaa. Aligusa nyusi yake mwenyewe, penye kovu.

"Hata hili mmeliona?" alisema.

Vigelegele vilivyofuata, wanasema waliokuwepo, vilisikika hadi barabarani. Mama mmoja alimwinua mtoto wake ili amwone mtu aliyempokea duniani. Vijana warefu, waliozaliwa mikononi mwake, walipanga foleni kupigwa picha na pacha wake wa uzi. Mbula aliposukumwa mbele, Sista alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko.

"Kumbe ni wewe! Yule wa kusindikiza!"

Watu walipopungua, Dani Risper aliomba asogezwe karibu. Uso ule aliuona kama kivuli tu. Aliomba fremu igeuzwe, akapitisha vidole upande wa nyuma, polepole, kutoka kwenye paji hadi kidevuni. Mbula alisimama kando yake kama mtoto wa shule.

"Hakuna cha kufumua," alisema Dani.

"Nimewahi kuzaa mara mbili," Mbula anasema. "Hiyo ndiyo siku ya tatu ninayoiweka pamoja na hizo."

Picha hiyo sasa imetundikwa kwenye chumba cha kungojea cha kliniki, kwa ombi la Sista mwenyewe. Simu zilianza kuingia wiki iyo hiyo. Mmoja wa waliopiga kwanza alikuwa Mutuku, ambaye hakuuliza bei wala tarehe. Aliuliza tu kama anaweza kuirudisha ile picha ya mama yake ili ishonwe upya. Siku hizi uso wa mama huyo uko ukutani kwake, na rangi yake si ya majivu.

Uso mmoja humchukua Mbula mwezi na zaidi, na humlipa zaidi kuliko alivyolipwa kwa miezi mitatu ya sare. Maagizo yaliyopo yatamfikisha mwakani. Mara mbili kwa wiki huwafundisha wanawake saba katika chumba alichoazimwa na kanisa hapo Kabiro, nao huanza na pilipili.

"Mwanzo niliona ni job ya mashosho, kazi ya manyanya," asema Audrey, mwanafunzi wake mwenye miaka 22 aliyekuwa akisuka nywele. "Alinifumulisha hadi nikataka kuhepa. Saa hii nikishika sindano hata simu nasahau iko wapi. Juzi nilimaliza mkono wa mtoto. Mkono tu! Nikapiga nduru."

Dani Risper amepangiwa upasuaji wa jicho mwezi ujao, na Mbula ndiye atakayempeleka. Lakini ndoto anayoizungumzia kwa macho yanayong'aa ni chumba kando ya Barabara ya Naivasha, cha ghorofa ya chini kwa sababu ya mguu wake, chenye dirisha pana linalotazama mashariki. Ameshazungumza na mwenye nyumba. Ameshapima mahali ambapo wanafunzi wataketi, na ameshampata mtu wa kuandika kibao cha mlangoni.

"Aliniuliza aandike nini," anasema Mbula, akikata uzi kwa meno. Sikio la mzee limekamilika. "Akataka kuweka 'Fundi wa Nguo'. Nikamwambia, hapana. Andika 'Mbula Nzuki, Mchoraji'. Akaangalia huku na huku, akasema, 'Lakini mama, sioni rangi, sioni brashi.' Nikamwambia, wewe andika tu. Watakaoingia wataona."