Namba Aliyoiandika Philémon kwa Mkono

Philémon alichora plani kwa mkono miaka kumi na nane katika ofisi moja ya ujenzi pale Bukavu, na namba zake hakuna aliyezibishia. Mimi ninauza vyuma na simenti, nimepakia magari mengi kwa kusoma plani zake. Mwaka 1992 ofisi ikaleta ordinateri, kompyuta ya kuchorea. Injinia Aloys akamwambia wazi: "Papa Philémon, miezi tatu. Kama mashine inakushinda, kiti inaenda kwa mwengine." Watu tisa walikuwa wakila kwa kiti hicho.

Mistari aliijua haraka. Kilichomsumbua ni cotes, vile vipimo vinavyoandikwa juu ya mistari. Mashine ilipima yenyewe ikaandika 5.0000, sufuri nyingi, tena ndogo. Akafanya kama alivyozoea kwenye karatasi: akaondoa namba ya mashine, akaandika yake, 5.00. Safi. Akafanya hivyo mara themanini na nne.

Kazi ilikuwa zahanati ya Nyantende. Katikati ya kazi Injinia akapanua chumba kwa nusu mita. Philémon akavuta ukuta kwenye skrini, mistari ikafuata. Namba aliyoandika mwenyewe ikabaki palepale, 5.00. Hakuona. Jumatatu plani ikaenda Nyantende. Waashi hawakukosea, maana Injinia aliwapimia kwa kamba yake. Vyuma vya paa ndivyo vilivyosubiri kukatwa kwa namba za karatasi.

Ijumaa asubuhi Injinia akalalamika kwamba namba hazisomeki. Philémon akafungua kitabu cha mashine, akakuta kitu kinaitwa style: mahali pamoja pa kuamuru ukubwa wa namba zote, mishale yote, sufuri ngapi. Akatengeneza ya kwake, akaiita PHILE, akairudishia mashine ruhusa ya kupima. Namba zote zikageuka pamoja. Chuma cha paa kilichosema 5.00 kikasema 5.50.

Alinikuta napakia simenti ya hukohuko Nyantende.

"Patron, unibebe. Niliandika namba mubaya, nakufa."

"Hakuna mutu anakufa juu ya namba. Mifuko iko makumi ine. Utashusha yote?"

"Nitashusha."

Alphonse, fundi wa kuchomelea, tulimkuta amekalia vyuma vyake. "Ah, papa dessinateur! Kumi na mbili, yote imekatwa. Nilifwata namba yako, hata milimetre sikuongeza."

Philémon akapandisha chuma kimoja ukutani. Upande huu kikakaa. Upande wa pili kikaishia hewani.

"Hee! Ni ukuta ndiyo imekimbia?" Alphonse akacheka, akamtazama usoni, akaacha.

"Injinia anakuja kesho asubui," Philémon akaniambia. Alikuwa amekaa kwenye matope na suruali yake ya ofisi. "Patron, unipe vyuma kumi na mbili."

"Ya bure sina. Weye uko na nini?"

Alivihesabu kwanza vile vifupi, kimoja kimoja.

"Meza yangu ya kuchora. Na kalamu zake."

Niliijua meza hiyo. Kila Jumapili aliwachorea watu wa Kadutu nyumba zao juu yake. Wangemfukuza ofisini, ingemlisha.

"Na hivi vifupi vinarudi kwangu," nikasema.

"Beba."

Alphonse naye akataka vipande vitakavyobaki kwenye vyuma vipya ndipo afunge mdomo. Nikampa. Alipomaliza mifuko yangu, na gari langu likarudi na vyuma kutoka dukani, Philémon alimshikia fundi kila chuma mpaka giza likaingia, akipima mara tatu kabla ya msumeno kugusa.

Jumamosi Injinia akatazama paa, akatazama plani mpya. "Bon. Sasa inasomeka. Hii style yako, wote mu ofisi wataitumia."

"Ndiyo, Injinia." Mikono aliificha nyuma, ilikuwa imechanwa na chuma.

Kiti kikabaki chake. Siku mashine itakapomshinda, nyumbani hana pa kuchorea. Meza iko dukani kwangu. Nimeipigilia ubao pembeni, tunapimia misumari juu yake.