Pikapu Aliyoiinua Baba Yako

Nakumbuka siku baba yako alipoingia nyumbani Kharumwa na pikapu imeinuliwa juu, akapiga honi mpaka kuku wakatawanyika. Nilikuwa nimewabeba wewe na pacha wako Kulwa, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, na hasira niliyoipata siku ile ninayo hadi leo. Sasa na wewe, Doto mwanangu, unanipigia simu kutoka Nyarugusu kwamba umenunua pikapu kuukuu na unataka fundi akuinulie. Basi nisikilize mpaka mwisho.

Baba yako alikuwa akibeba mawe ya dhahabu kutoka mashimoni kupeleka kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Kwa ajili ya mzigo aliongeza springi nyuma, na springi za mbele zilikuwa zimeshalala kwa uzee. Kwa hiyo gari likiwa tupu, mkia ulikuwa juu na pua chini, kama ng'ombe anayekunywa maji lamboni. Fundi Maduhu, aliyekuwa na gereji pale senta, alimwambia kwa upole: "Baba Kulwa, tuinue mbele kidogo tu, ilingane na nyuma. Gari litakaa sawa, taa zitamulika njia, na mtu atapanda bila shida." Maneno hayo yalikuwa na kosa gani? Lakini baba yako alikuwa ameona magari marefu ya watu wa mgodini, na akili ikamruka. Akataka liinuliwe lote, mbele na nyuma, na matairi makubwa juu yake.

Nilimuuliza, mama yangu atapandaje humo? Akacheka. "Mama yako anapanda gari mara ngapi kwa mwaka?" Neno hilo, mwanangu, nimelitafuna miaka yote na halijalainika.

Mvua zilipoanza, mama akashikwa na homa. Tulipofika kwake kumchukua tumpeleke hospitali, hakuweza hata kukaa. Wanaume wa pale kijijini walikuwa wamekwenda mnadani na ng'ombe. Tulikuwepo mimi, ambaye kidonda cha kuwazaa ninyi kilikuwa hakijapona, na shangazi yangu mzee, na baba yako, mwanaume mwenye mabega ya kubebea viroba vya mawe. Na unajua desturi yetu: mama mkwe haguswi. Baba yako alimwamkia kwa mbali, amechuchumaa, uso ameuelekeza zizini. Gari lingekuwa chini, mimi na shangazi tungemsogeza na godoro lake mpaka ndani ya bodi ya nyuma. Lakini sakafu ya bodi ilinifika kifuani.

Nikamwambia baba yako, njoo umbebe, Mungu ataelewa. Akasogea. Mama akafumbua macho, akaniambia mimi, si yeye: "Mwanangu, nimezeeka na heshima yangu. Msinivue leo." Baba yako akarudi nyuma. Kwa hilo sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Namlaumu kwa kuinua gari huku akijua kwamba katika ukoo mzima mwenye gari ni yeye peke yake, na yeye ni mkwe.

Tukanyanyua godoro, mimi na shangazi. Lilipita kiuno, mikono yangu ikalegea, na mama akaangukia kona ya bampa. Paja likavunjika, nikasikia linavyovunjika. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo. Aliyekataa kusikia alikuwa baba yako. Guu lililovunjika lilikuwa la mama yangu.

Shangazi alikuwa akilia "Mayu, mayu," kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma. Baba yako alikuja mbio, akasimama palepale, mikono haina kazi. Mama, chini kwenye tope, ndiye aliyemwambia neno, na hakupandisha sauti: "Mkwe, gari hili uliliinua kwa ajili ya nani?" Tulikaa pale tukimkinga mvua kwa kanga mpaka wanaume waliporudi kutoka mnadani, wakampandisha. Homa ilimwachia hospitalini, lakini mama hakutembea tena mpaka tulipomzika.

Baba yako alirudi kwa Maduhu, akashusha kila kitu, gari likasawazishwa kama alivyoambiwa mwanzo. Majuto ni mjukuu. Nilimpikia, nikamzalia wengine, nikamuuguza, nikamzika. Kusamehe, nilimsamehe kipande kwa kipande, na kipande kimoja bado ninacho.

Sasa nasaha yangu ni hii. Kama pua imelala, inua pua ilingane na mkia, basi. Gari kuukuu likiinuliwa lote, mipira ya breki huvutika, na ukilipakia mawe hulala ubavu upesi kwenye kona. Hayo fundi atakueleza vizuri kuliko mimi. Mimi nakueleza lisilo la fundi. Kabla hujatoa kauli kwa fundi, simama nyuma ya gari lako, umfikirie mtu dhaifu kuliko wote atakayelihitaji. Kama hawezi kupanda, hilo umelitengenezea macho ya watu. Una mama mkwe Ushirombo, na magoti yake unayajua. Wewe huwezi kumshika. Atamshika nani, mkeo na mimba yake?

Na usiniambie mambo siku hizi yamebadilika. Muulize mama mkwe wako kama yamebadilika, halafu unipigie.

Haya. Mungu akupe dhahabu ya halali, azilinde breki zako na watu utakaowabeba. Na mama mkwe wako atakapougua, maana ataugua, Mungu amjalie apande gari lako kwa miguu yake mwenyewe, na wewe mwanangu usimame mbali naye, kwa adabu, bila aibu. Amina.