Taulo ya Kocha wa Kapsoit

Ukimwita kocha wetu wa ngumi pale Kapsoit, simama upande wake wa kulia, kwa sababu sikio la kushoto aliliacha ulingoni zamani, enzi alipokuwa akipigana mwenyewe. Jimu yake ni stoo ya mahindi aliyoikodi, na gunia la kugonga amelijaza vumbi la mbao. Vijana wakitoka kuchuna majani chai, huwafunga bendeji mikononi mmoja mmoja, polepole, akiimbia puani wimbo wa kanisa. Ni mtu wa kucheka sana, lakini akiona damu karibu na jicho la kijana wake, hurusha taulo, pambano likaisha hapo hapo. Vijana wamelalamika mpaka wamechoka. Basi mwaka wa tisini na nne, kijana wake mmoja, Kipngeno, alipopigania nafasi ya kwenda Nairobi, aliificha ile taulo ya kocha kabla kengele haijalia. Raundi ya pili, Kipngeno akiwa anaongoza, nyusi yake ikapasuka. Nilimwona kocha akipapasa kamba, akichungulia chini ya kiti, kisha akavua koti lake na kulirusha ulingoni. Refa akaliokota.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni taulo."

"Na iko na mikono?"

"Baridi ya huku, bwana. Hata taulo zinashonewa mikono."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, isipokuwa Kipngeno, aliyekuwa karibu kulia. Kocha akamshika kidevu, akamwinulia mkono usoni.

"Hii ni vidole ngapi?"

"Mbili, kocha."

"Basi mwaka ujao utaiona Nairobi vizuri."