Chuchu ya Ndama

Mama mkwe wangu alikuwa na ulimi wa upupu. Wiki niliyoolewa kwake, nje kidogo ya Kitale, alinipeleka zizini, akaniketisha kando ya ng'ombe wake wa pekee, akaninyooshea kidole kwenye kiwele. "Hizi tatu ni zetu," alisema. "Hii ya nyuma ni ya ndama. Ukiigusa nitakukata kidole." Nikacheka. Yeye hakucheka. Mimi ni mtoto wa Kimilili, nimezaliwa kwa watu wanaowajulia ng'ombe hali kabla ya kuwajulia wageni, na hapa mwanamke ambaye wazazi wake walitoka huko Mlima Kenya kuja kununua shamba la mzungu alikuwa ananifundisha ng'ombe. Nilimeza. Bi harusi akimeza mengi hudumu.

Alikuwa mjane. Shamba lilikwisha kugawanywa kwa wanawe, naye alibaki na nyumba yake ndogo, kipande cha nyasi za nepia cha kumlisha mnyama, na yule ng'ombe. Asubuhi alikunywa chai nzito ya maziwa yake mwenyewe, kikombe kikubwa cha bati, halafu akauza yaliyobaki. Hakumwomba mtoto wake hata chumvi. "Siku mtaniona nimesimama kwa mlango wa mkaza mwana na kikombe," alikuwa akisema mbele ya wageni, akinikazia mimi macho, "mjue nilikufa zamani, ni mwili tu unatembea." Wageni walicheka. Mimi nilimwaga chai yangu nje na kwenda kuosha vyombo.

Sasa, ng'ombe naye huzeeka. Mwisho wa mwaka ninaousimulia, miaka ile ya mwanzoni mwa elfu mbili, alizaa ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, na kila aliyemwona mama yake alijua huo ulikuwa uzao wa mwisho. Mama mkwe aliimba zizini siku nzima. Ndama jike ndiye ng'ombe wa kesho. Angenyonya, angekua, angepandwa, na kikombe cha bati kisingekosa maziwa mpaka mwenyewe azikwe.

Halafu kiangazi kikaja, na mtu wa pikapu akaja nacho.

Mtu huyu alitoka Bungoma. Alinunua maziwa yetu kila asubuhi penye mikaratusi kando ya barabara, akayapeleka Bungoma kwenye duka lake na kwa wenye hoteli. Alikuwa mnene, mcheshi, anajua kina mama wote kwa majina ya watoto wao. Kiangazi maziwa hupungua, na hoteli hazijui kiangazi, zinataka chai tu. Mnunuzi mwingine angeongeza bei. Huyu hakuongeza hata shilingi. Alileta ng'ombe.

Alimshusha kutoka kwenye pikapu mbele yetu: mtamba mweusi kwa mweupe, ambaye hajazaa bado, manyoya yanang'aa, tumbo limejaa. Akapanda juu ya pikapu yeye mwenyewe.

"Kina mama! Mkono mtupu haulambwi! Huyu ni wenu. Na ako na mimba, si mnaona tumbo? Mvua ikianza, namupea mmoja wenu."

"Yule wa ng'ombe wengi, si ndio?" mtu akauliza kwa uchungu.

"Apana! Mimi si mjinga. Sitaangalia nani ameleta mingi. Nitaangalia nani ameongeza. Kila mtu ashindane na maziwa yake ya jana. Hata mwenye ako na ng'ombe mmoja mzee, bana, anaweza kushinda."

Alisema hivyo akimtazama mama mkwe wangu, na mimi nikaona shingo yake ikinyooka.

Fikiria ujanja wenyewe. Kiangazi, nyasi zimekauka, na mtu anakuambia uongeze maziwa. Utayatoa wapi? Wawili walijaribu maji. Alikuwa na kile kipimo cha kioo kinachoelea, akakitumbukiza, akatabasamu, akayamwaga maziwa yao barabarani mbele yetu sote, mbwa wakaja kuramba. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu. Ilibaki njia moja tu, ya kweli kabisa, nayo ilipita kwenye mdomo wa ndama.

Na mtu yule alikuwa na jambo lingine. Kila Jumamosi alisoma kwa sauti nani ameongeza na nani amepunguza, na yule wa mwisho alitakiwa kumlishia mtamba wiki nzima. Ndiyo! Mtamba alikaa pale pale penye mikaratusi kwa kibanda cha mlinzi wa barabara, na anayeshindwa ndiye alimkatia nepia. Zawadi yake ililishwa na walioikosa. Hakugharamika hata kwa nyasi, na sisi tulikuwa tunapiga makofi.

Wiki za kwanza mama mkwe aliheshimu chuchu ya ndama. Jumamosi moja akasomwa wa mwisho. Kesho yake alipita kwa kila mlango wa jirani na mzigo wa nepia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, nepia ya ng'ombe wake mwenyewe, anaipeleka kwa ng'ombe wa mwingine. Wanawake aliowahi kuwatukana walimwamkia kwa adabu nyingi sana. "Umeamkaje, mama? Huo mzigo si mzito?" Woi, walifurahi. Nami nilifurahi, nisidanganye.

Asubuhi iliyofuata alizikamua chuchu zote nne.

Nilikuwa nimesimama pale na ndoo. Nikamwambia, "Mama, si huyu ndama ndiye mtamba wako?"

"Huyu ni wa kesho, na kesho ni ya Mungu. Ule wa pikapu ako na mimba leo."

"Atakufa."

"Atakunywa maji ya unga. Hata wewe hukunywa maziwa ya Friesian, na umekua mdomo."

Kisha akaacha kuwapa wanangu maziwa. Ng'ombe wangu mimi alikuwa amekauka, anangoja kuzaa mvua ikija, na watoto walikuwa wakinywa kwa shosho, bibi yao, tangu waachishwe titi. Walienda asubuhi na vikombe vyao kama kawaida, wakarudi navyo vikavu. Nilienda juu kwa juu. Alikuwa anafunika mtungi, hakuinua kichwa.

"Hao wako na mama yao," alisema. "Kwani ng'ombe wako ako wapi?"

Alijua aliko. Alijua hata mwezi atakaozaa. Nilirudi nyumbani nikawapikia turungi, chai kavu isiyo na tone la maziwa, na yule mdogo akaikataa na kulia mpaka akalala. Siku hiyo niliapa jambo moyoni, na mimi nikiapa siapi bure.

Hakuwa yeye peke yake. Kijiji kizima kiliingiwa na wazimu. Ndama madume waliuzwa kwa bei ya kuku. Kanisani watoto walikuwa na midomo mikavu, na mama zao waliulizana kwenye viti, "Umeongeza? Umeongeza?" Watu waliokuwa wakikopeshana hata moto sasa walikamua mapema, mlango wa zizi umefungwa, jirani asije akachungulia. Mtu wa pikapu hakumwambia yeyote amnyime ndama wala mtoto. Hakulazimisha mtu. Alifunga mtamba kwa kamba, basi.

Ndama wa doa jeupe alianza kulamba ukuta. Manyoya yalisimama, macho yakaingia ndani. Ukipita karibu alikamata pindo la leso yako akalinyonya. Mama mkwe alimhamishia nyuma ya choo ili ng'ombe asimsikie akilia, na wakati wa kukamua aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa ili asimsikie yeye mwenyewe. Jumamosi aliposomwa wa kwanza, alirudi nyumbani akicheza ngoma barabarani, mwanamke mzima.

Alimkuta ndama amelala ubavu, hapumui, nzi wako kwenye macho.

"Ngai," alimwita Mungu kwa lugha ya kwao. Kisha akachukua ndoo akaenda kukamua.

Ng'ombe hakutoa kitu. Sisi tunaofuga tunajua: ng'ombe chotara, aliye na damu ya kienyeji, hashushi maziwa mpaka amwone mwanawe. Alikuwa amezoea kuletewa ndama anuse kidogo kabla ya kukamuliwa. Sasa aligeuza kichwa huku na huku, akaita, akapiga ndoo teke. Mama mkwe alibembeleza, akatukana, akaomba. Jioni vilevile. Mvua ilikuwa imebakisha siku chache, mawingu yamekaa juu ya Mlima Elgon, na yeye ndiye wa kwanza. Alikaa chini kwenye mavi ya ng'ombe akalia.

Dawa yake niliijua. Kwetu Kimilili nilimwona baba yangu akiifanya, ila ndama wa baba alikufa kwa ugonjwa. Nikamwambia mama mkwe: tumchune, tumjaze nyasi kavu, tumpake chumvi, tumsimamishe mbele ya mama yake. Mpaka leo watu huniuliza kwa nini nilimsaidia. Labda nilimhurumia. Lakini nadhani nilitaka nimwone akiifanya, nimwone kwa macho yangu, yule aliyenitishia kunikata kidole.

Tukafanya. Mimi nilishika ile ngozi iliyojazwa, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja yangu, na ng'ombe akashusha pua. Akanusa. Akaanza kulamba lile doa jeupe, polepole, anaguna kama anavyoguna mama yeyote, na maziwa yakashuka. Mama mkwe alikamua zote nne bila kuinua macho. Mkono mtupu haulambwi, alisema yule mtu wa Bungoma. Ngozi tupu je?

Mvua ilinyesha, akashinda.

Lo, alivyomleta mtamba nyumbani! Amefunga kitambaa kipya, ameshika kamba, wanawake nyuma wanaimba huku wamenuna. Siku hiyohiyo mtu wa pikapu alitangaza kwamba mvua ikinyesha maziwa huwa mengi, kwa hiyo bei inashuka. Hakuna aliyemsikiliza, macho yote yalikuwa kwa mtamba. Nepia haikutosha wanyama wawili, kwa hiyo mama mkwe alimuuza yule ng'ombe mzee kwa wachinjaji waliokuwa wanapeleka soko la Chwele. Alipandishwa kwenye gari akiangalia nyuma, upande wa zizi.

Tukangoja mtamba azae. Tukangoja. Ile nepia ya bure ya walioshindwa ilikuwa imekwisha, na tumbo likaanza kupungua badala ya kukua. Akaitwa daktari wa mifugo. Alivaa glavu mpaka begani, akaingiza mkono, akautoa, akamwangalia mama mkwe.

"Nani alikuambia ako na mimba?"

"Si tulikuwa tunaona tumbo?"

"Hiyo ilikuwa majani. Huyu alizaliwa pacha na dume. Hana mahali pa kubebea mtoto. Hatawahi kuzaa, mama. Wenye mashamba makubwa huwatupa hawa bei ya nyama."

Mama mkwe alishika nguzo ya zizi kwa mikono miwili.

Mimi ndiye niliyekwenda Bungoma. Nilimkuta mtu yule dukani kwake, anawamiminia wateja mala, yale maziwa yaliyoganda, anacheka. Nikamwambia wote wakisikia. Hata hakukasirika. Alipangusa kaunta.

"Dada yangu, mimi nilipeana ng'ombe. Mimba ni kazi ya Mungu."

"Ulijua ni tasa."

"Nilijua ni mrembo." Akainama karibu, akashusha sauti, na nakubali kwamba sijawahi kusikia mtu akinieleza biashara waziwazi namna ile. "Sikiza. Bei inanunua maziwa mko nayo. Zawadi inanunua hata ile hamna. Sasa mimi nilaumiwe? Nani alikamua?"

Nilimtukana kwa Kibukusu, lugha ya kwetu, nikatoka. Kiangazi kilichofuata alirudi na cherehani mpya juu ya pikapu, na haki ya Mungu, wanawake walewale walijipanga.

Mama mkwe hakujipanga, hakuwa na cha kukamua. Mtamba aliliwa kwenye matanga ya mtu. Kwa muda alikunywa turungi, akisema daktari wa mjini amemkataza maziwa. Alikonda. Kikombe cha bati nilikiona kimeangikwa nje, kina vumbi.

Halafu asubuhi moja alikuja. Ng'ombe wangu alikuwa amezaa tena, na zizi langu linatazamana na mlango wa nyumba. Nilikuwa nimechuchumaa, ndoo iko katikati ya magoti, nilipomwona amesimama mlangoni kwangu, amejifunga shuka, kikombe amekishika kwa mikono miwili. Hakubisha hodi. Wanangu walitoka, wakamwona, wakasogea kando. Yeye alingoja niseme.

Ndoo ilikuwa imejaa. Povu lilikuwa limefika mdomoni, naye aliliona.

"Ngoja kidogo, mama," nilimwambia. "Ndama hajanyonya."

Nikaenda nikamfungua ndama, nikamweka kwenye chuchu ya nyuma, kama nilivyofundishwa. Sikumharakisha. Mama mkwe wangu alisimama pale mlangoni na kikombe chake mpaka ndama aliposhiba na kuachia mwenyewe.