Njia ya Saa Sita

Mlinzi wa kilima aliwahi kuuza mitumba miaka kumi na tatu, na sokoni alijifunza kutoiamini bei ya kwanza ya mtu yeyote. Alipoajiriwa kulinda kilima kile cha hifadhi, ardhi ya watu wote isiyoruhusiwa kulimwa, kujengwa wala kupitwa na chombo cha magurudumu, hakubadilika. Akimkamata mwenye baiskeli anateremka katikati ya majani, humkemea, humsikiliza, humkemea tena, kisha humrudisha kwenye lami. Halafu hukata matawi ya miiba na kuyaburuta hadi kwenye mdomo wa njia. Wenye baiskeli walimwita Mzee Miiba, tena usoni, naye aliitika.

Jumatatu Afisa wa hifadhi, mama asiyevua miwani ya jua hata akiwa ndani, alimletea barua kibandani.

"Njia za baiskeli ziko sita," alisema. "Ijumaa asubuhi wakaguzi wanakuja. Wakikuta hata moja iko wazi, kazi hii anapewa mwenye kampuni ya mbwa."

"Mbwa wanajua kufunga njia, mama?"

"Mbwa hawabishani na mimi."

Hakuwa akimtisha. Chini ya kilima ilikuwapo chemchemi iliyonywesha mtaa mzima, na tangu mvua zianze maji yalitoka rangi ya chai. Kila mkwaruzo wa tairi uligeuka mfereji, na kila mfereji ulimwaga tope kule chini. Mlinzi alijua. Alijua pia kwamba kazi ile ikiondoka, chumba chao kinaondoka, na dawa za mkewe zinaondoka.

Jumanne alimfuata Kapu, mkubwa wa wasambaza mikate, ambao ndio wenye baiskeli wale, nyuma ya kiwanda cha mikate. Jina lilitokana na kapu la waya alilofunga nyuma ya baiskeli, kubwa kiasi kwamba ukimwona kwa mbali ungedhani kapu ndilo linaloendesha.

"Nataka njia zote sita," Mlinzi alianza, akitegemea kupata nne.

"Unatoa nini?"

"Barabara ya mafundi wa mabomba, ile inayopita nje ya uzio. Lango lake nafungua saa mbili asubuhi. Nitakufungulieni saa kumi na moja alfajiri."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Chukua tano," Kapu akasema papo hapo.

Muuzaji akikubali haraka, ujue suruali ina tundu ambalo wewe hujaliona.

"Na ya sita?"

"Ya sita si yetu, Mzee. Ile ya upande wa mashariki, penye unyevu? Sisi tuliikuta. Nyasi zimelala, tukasema, ahaa, pana pa kupita." Kapu aliangalia viatu vya Mlinzi, akacheka kidogo, kisha akaacha. "Kwani wewe saa sita mchana huwa unaenda wapi?"

Mlinzi alimwacha pale. Alipanda kilima upande wa mashariki, akainama penye tope. Katikati ya alama za matairi ulikuwapo mstari wa kiatu kinachoburutwa. Mguu wake wa kushoto haukukunjika gotini tangu alipoanguka kutoka kwenye lori la mitumba. Zilikuwa nyayo zake mwenyewe, za miaka miwili, juu kabisa ya chemchemi.

Miaka miwili ndiyo iliyopita tangu mkewe apatwe na kiharusi. Upande wake mmoja ulikufa, ulimi ukabaki mzito, akili ikabaki kali kama wembe. Muuguzi aliwaambia wazi: asilale ubavu mmoja kutwa nzima, nyama itaoza. Basi kila siku saa sita mchana Mlinzi alikatiza kilimani hadi nyumbani, dakika kumi na mbili, akamgeuza, akamnywesha, akarudi kabla mapumziko ya saa moja hayajaisha. Kwa lami ni dakika hamsini kwenda tu.

Alirudi kwa Kapu. "Nyinyi acheni kupita, nipite mimi peke yangu."

"Haitawezekana, Mzee wangu. Vijana wakiona panapitika, watapita. Nitawaambia nini, kwamba pamefungwa ila wewe unateleza hapo kila siku?"

"Basi nibebe. Saa sita, kwa lami."

"Saa sita natoa mikate ya pili. Nikikuweka kapuni, mikate niiweke wapi?"

Hapakuwa na ubaya katika jibu lile. Mlinzi mwenyewe angejibu hivyohivyo.

Jumatano alimpigia simu Afisa. Hakueleza habari za ugonjwa. Aliomba kibanda kihamishiwe lango la mashariki, akasema ulinzi utaimarika.

"Kibanda kipo kwenye ramani," Afisa alisema. "Andika barua. Kikao kipo baada ya miezi mitatu."

"Na mapumziko ya saa mbili? Nitafidia jioni."

"Mzee, lango likae saa mbili bila mtu? Unaniuzia nini hapo?"

Hakuwa na kitu cha kumuuzia.

Alhamisi saa sita alipita njia yake, akamgeuza mkewe, akaanza kumweleza huku akimwekea mto mgongoni. Alieleza kwa kuzunguka, mpaka mkewe akamkatiza.

"Sema, bwana. Unanitangazia nini, mnada?"

"Njia ya sita ni yangu."

Chumba kilikuwa kidogo. Ndoo ya maji, kitanda, na dirisha linalotazama kilima.

"Jirani je?" Mlinzi aliuliza. "Shemeji?"

"Jirani anafua hotelini mpaka jioni. Shemeji hata kuku wake hajui wamelala wapi." Alivuta pumzi. "Funga."

"Na wewe?"

"Kazi ikiondoka utanigeuza ukiwa wapi, barabarani? Nimesema funga."

Mchana ule alikata miiba mingi kuliko siku zote. Alifunga njia tano za wenye baiskeli, kisha ya sita: mdomo wa juu kwanza, wa chini baadaye. Miiba ilimchana mikono, asijali. Alipomaliza alisimama upande wa kibanda, na nyumba yake aliiona vizuri sana ng'ambo ya pili.

Ijumaa wakaguzi walihesabu sita, zote zimefungwa. Afisa alitia saini fomu akiiegemeza gotini.

"Umeona? Ilikuwa inawezekana," alisema.

Saa sita Mlinzi alikaa kibandani. Saa saba alikuwa bado amekaa.

Alifika nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni. Alikuwa ametoka saa kumi alfajiri, kwa sababu ya lile lango aliloliuza kwa Kapu. Alimgeuza mkewe bila salamu. Juu ya nyonga palikuwa na wekundu mpana kama kiganja, na alipopabonyeza haukutoweka.

"Wamesaini?" mkewe aliuliza, uso ukiwa ukutani.

"Wamesaini."

"Pamekuwaje huko nyuma? Usinidanganye, najua ukidanganya."

"Pameanza."

Mkewe alihesabu kwa vidole vya mkono ulio mzima.

"Basi kesho usinigeuze saa tisa usiku kama leo," alisema. "Nigeuze ukiwa mlangoni kabisa, unatoka. Tutapunguza saa moja."

Mlinzi alipiga hesabu kichwani. Bado zilibaki saa kumi na nne na nusu za ubavu mmoja.