Pweza Niliyempeleka Kwenye Kriketi

Kuanzia Mbegani hadi Fukayosi, hakuna bibi anayeijua kriketi kunishinda mimi, Mwaija.

Nimeijua tangu mwezi wa sita. Mwaka huu huu.

Wala sijawahi kuicheza. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikaitazama, tena nusu ya muda nilikuwa nasinzia. Lakini kutazama nako ni kazi jamani, muulizeni mwamuzi.

Basi leo nawapa mkasa wa siku nilipoingia katikati ya uwanja na pweza kwenye ndoo, nikamwambia kocha asogee pembeni, kazi imefika.

Pweza alikuwa ameshakufa. Msianze.

Kwa msioijua kriketi: mmoja anarusha mpira mgumu kama jiwe. Mwenzake ana ubao, anaupiga. Nyuma ya mwenye ubao wamesimamisha vijiti vitatu. Mpira ukiangusha vijiti, umetoka, nenda kakae. Ukiupiga mbali, unapata pointi.

Mengine yote ni kelele.

Mjukuu wangu Hajra, wa binti yangu aliyeolewa Kerege, alikuja kukaa kwangu alipomaliza kidato cha nne. Miaka kumi na minane. Akaingia timu ya wasichana hapa kwetu Mbegani.

Hakuwa na pigo zuri, nisiwadanganye. Alipiga kama mtu anayefukuza kunguru kwenye dagaa. Lakini alipiga! Mpira ukija, mpira unakwenda.

Sasa ikasikika kwamba timu ya mkoa, ya wasichana wasiozidi miaka kumi na minane, itachukua mchezaji mmoja tu kutoka huku kwetu. Mmoja!

Hajra mwakani anatimiza kumi na tisa.

Yaani ni mara hii au basi tena. Mtoto hali, halali, kazi kuota mipira.

Hapo akaingia Mwalimu Wilbrodi, kocha wao. Kijana mpole, mtu wa bara, kofia pana na daftari mkononi. Tatizo lake moja tu.

Kwa Mwalimu Wilbrodi, dunia nzima ni kiwiko.

"Hajra, kiwiko juu! Mguu mbele! Kichwa kitulie! Ubao ushuke umenyooka!"

Wiki tatu. Mtoto akawa anafanya mazoezi mbele ya kabati langu la kioo, ameshika mwiko wa ugali.

Akapendeza kwelikweli. Ungempiga picha ukaitundika ukutani.

Shida ikawa uwanjani. Mpira unarushwa, mtoto anaweka pozi, mpira unapita, vijiti chini. Yeye bado yuko kwenye pozi.

Siku moja akarudi akajitupa kwenye mkeka.

"Bibi, kabla mpira haujanifikia nimeshafikiria mambo sita."

"La sita ni lipi?"

"Kwamba nimeshachelewa."

Nikasema leo kazi ipo.

Kesho yake jioni nikatokea mazoezini na ndoo kichwani na fimbo mkononi. Wasichana wakaacha kucheza.

"Shikamoo bibi," akasema Mwalimu Wilbrodi.

"Marahaba mwanangu. Habari ya kiwiko?"

"Kiwiko hakijambo. Bibi, hicho kwenye ndoo ni nini?"

"Kitabu cha ufundi."

Akachungulia. Akaruka nyuma hatua mbili, kofia ikadondoka.

Nikammwaga pweza kutoka kwenye ndoo juu ya jiwe pembeni ya uwanja, nikampa Hajra fimbo. Ninyi wa mbali pengine hamjui: pweza akitoka baharini hapikiki hivihivi, utatafuna mpaka Idi. Ni lazima apigwe kwanza, apigwe mpaka alainike.

"Mpiga pweza," nikawaambia, "hafikirii kiwiko. Ukikaza mkono fimbo inateleza. Ulegeze, fimbo ishuke kwa uzito wake yenyewe. Macho yawe pale unapopiga. Basi."

Mwalimu akakuna kidevu.

"Bibi, huo nao si ufundi?"

"Ufundi ni wenu wa daftarini. Hii ni kazi."

"Sawa. Ila Fukayosi wana mrushaji anaitwa Adila. Mpira wake unakuja chinichini, unanyemelea vijiti. Huo ukiupiga kipweza, umekwisha."

"Tutaonana Jumamosi, Mwalimu."

Hajra alimpiga yule pweza mpaka jua likapungua. Mara ya kwanza fimbo ikamponyoka. Mara ya hamsini mkono ukaanza kwenda wenyewe. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini.

Akapikwa kwa nazi. Mwalimu Wilbrodi alikula sahani mbili, hakuzungumzia kiwiko hata mara moja.

Jumamosi ikafika. Mbegani na Fukayosi. Akaja pia mama mmoja kutoka Dar, anaitwa Evelyn, mrefu, miwani myeusi. Ndiye mchaguaji wa timu ya mkoa. Hacheki, hasemi, anaandika tu.

Fukayosi wakapiga kwanza, wakakusanya pointi zao. Ikawa zamu yetu kuzitafuta.

Nikamwona huyo Adila.

Weee! Alikuwa anakuja kurusha kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, anageuka njiani, kisha anaamua basi nirushe tu. Kitu kimoja tu alikifanya sawasawa: mkono ulinyooka. Maana kwenye kriketi ukikunja mkono wakati wa kurusha, mwamuzi anakukatalia.

"Unaona, bibi?" Mwalimu akaninong'oneza. "Mbio mbovu, bega limefunga. Hana ufundi kabisa yule."

"Asiye na ufundi ameshatoa wanne wako."

Akaandika kitu kwenye daftari. Nadhani ilikuwa jina langu.

Wakaendelea kutoka mmoja mmoja mpaka akaingia Hajra. Zilibaki pointi ishirini na saba.

Adila akarusha. Hajra akapiga kipweza, kwa nguvu zote.

Akapiga hewa.

Mpira ukapita kando ya vijiti, nafasi ya kidole kimoja. Mwalimu akafunika uso kwa kofia.

"KIWIKO!" akapiga kelele.

"PWEZA!" nikapiga kelele mimi.

"Kiwiko, Hajra!"

"Mlegezee pweza, mwanangu!"

Watu wa Fukayosi wakaanza kutuangalia sisi wakaacha mechi.

Mpira wa pili ukaja chinichini, ule wa kunyemelea. Hajra akapeleka mguu mbele, kiwiko juu, ubao ukashuka umenyooka kama mlango. Mpira ukafia miguuni pake.

Mwalimu akanitazama. Mimi nikajifanya nafunga kanga.

Wa tatu ukaja juu kidogo. Mkono wa Hajra ukalegea, ubao ukaja wenyewe, pa! Mpira ukavuka uzio ukaingia kwenye mipapai ya watu.

Mimi nikamtazama Mwalimu. Yeye akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Ikawa hivyo. Wa chini anauzuia, wa juu anaufukuza. Katika zile ishirini na saba, ishirini na mbili zilikuwa zake. Tukashinda.

Mama Evelyn akasimama na karatasi yake. Nikashika mkono wa mtu aliyekuwa karibu yangu. Alikuwa Mwalimu Wilbrodi, naye akaushika wangu.

"Anayekwenda mkoani ni Hajra."

Sikupiga vigelegele. Nililia tu kama mtoto, na yule kijana wa bara akanipa kitambaa chake.

Kisha Mama Evelyn akamwita mtoto. "Nieleze. Ulijuaje mpira gani uuzuie na upi uupige?"

Hajra akapangusa jasho.

"Nilikuwa nawasikia bibi na mwalimu wanapiga kelele. Nikaona nikimsikiliza huyu nakosea, nikimsikiliza yule nakosea. Nikaacha kuwasikiliza wote, nikautazama mpira."

"Hilo ndilo nililomfundisha," akasema Mwalimu Wilbrodi.

"Hilo ndilo nililomfundisha," nikasema mimi.

Tulisema kwa pamoja.

Mama Evelyn akacheka mara ya kwanza tangu afike. "Na lile pigo la juu?"

"Mimi," akasema Mwalimu. "Linaitwa, eee... pigo la pembeni la kulegeza."

Hapo nikaona hapana, naibiwa mchana kweupe. Nikasimama.

"Mama, lile ni pigo la pweza. Mimi nimepiga pweza miaka arobaini. Wanawake wote wa pwani hii wamejifunza kwangu."

Macho yake yakang'aa. "Bibi, hilo lazima nilionyeshe! Watu waone kriketi yetu inavyofundishwa huku. Pweza atapatikana?"

Akapatikana haraka mno. Kando ya uwanja alikuwepo shoga yangu Bi Mosi, amekuja na beseni kuwauzia watu wa mechi. Huyo maji ya bahari yakitoka anashuka miambani mwenyewe, anarudi na pweza. Akanitolea mmoja mbichi pamoja na fimbo, kwa tabasamu pana.

Tabasamu lile lingenishtua, kama ningekuwa na akili siku hiyo.

Mama Evelyn akainua simu. Watu wakazunguka. Nikashika fimbo, nikatazama simu, nikatoa somo langu kwa sauti ya mwalimu mkuu:

"Wapendwa, ufundi haumo kwenye daftari wala kwenye kiwiko. Umo kwenye mkono uliorudia kazi ile ile mpaka ukaacha kuuliza maswali. Asiyerudia, hata umfunge kamba akae sawa, atapiga hewa. Tazameni."

Nikapiga.

Fimbo ikateleza, ikapiga beseni. Pweza akaruka juu akatua kwenye daftari la Mwalimu Wilbrodi, kurasa zote wazi.



Bi Mosi hakuweza kujizuia tena. Alishika mbavu.

"Miaka arobaini! We Mwaija we! Pweza wako si nampiga mimi kila mara? Wewe hata kumshika unaona kinyaa, unaletewa kwenye bakuli ameshachemka!"

Hajra akaweka mikono kichwani. "Bibi!"

"Ni kweli, bibi?" akauliza Mama Evelyn, simu bado juu.

"Zima kwanza hiyo simu," nikasema.

"Siwezi, bibi. Ni mubashara. Watu mia nne wanasubiri jibu."